Mawe ya Kufulia Yasiyo na Mto

Wanawake wa kichochoro kile walikuwa wakibeba maji kuyapeleka mtoni, na mto wenyewe haukuwepo.

Usicheke kwanza. Kila nyumba ilikuwa na bomba uani, na maji yalitoka vizuri tu. Lakini ikifika siku ya kufua, mwanamke alijaza ndoo bombani kwake, akajitwika, akatoka mlangoni, akapita kwa jirani mpaka pale kichochoro kinapopinda, penye mawe mapana ya kijivu yaliyolala bega kwa bega kando ya ukuta. Hapo akatua mzigo, akafua, akasuuza, akamwaga, kisha akazirudisha nguo nyumbani, nzito na mbichi, akazianika kwenye kamba iliyo jirani na bomba lile lile alilochotea. Ukimuuliza sababu alikutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini kofia huvaliwa kichwani.

Aliyeuliza alikuwa mke wa Fundi Friji, na jina lake la utani lilikuwa Maswali.

Jina hilo hakulipata ukweni, alikuja nalo. Baba yake aliendesha greda la kutengenezea barabara, na familia ilimfuata kambi hadi kambi, leo hema, kesho kibanda cha mabati. Barabara ikisonga, nao wanasonga. Msichana hakuwa na shule ya kudumu wala rafiki wa kudumu, ila maswali alikuwa nayo ya kudumu. Kwa nini barabara imekikwepa kilima hiki na kile haikukikwepa? Kwa nini kijiji kimekaa pale juani, na kivuli kiko huku? Mpishi wa kambi, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, ndiye aliyempachika jina. Ndiye pia aliyempa jibu ambalo hakulisahau.

"We Maswali, ukitaka kujua kambi mpya itakaa wapi, usimfuate msimamizi. Nifuate mimi na sufuria yangu."

Na ilikuwa kweli. Mpishi alitangulia, akatafuta maji, akapanga mafiga matatu. Ikifika jioni, wanaume wazima na mitambo yao wameshajipanga kuyazunguka mafiga yale, kila mmoja akidhani amechagua mwenyewe pa kulala.

Alipokuwa mtu mzima alikuwa amechoka kuhamahama. Akapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akaing'ang'ania kwa meno. Ni chumba cha joto na ngurumo. Mashine zina milango ya vioo mduara, mashuka ya wodi yanaingia machafu na kutoka yananukia pasi, na sakafu haikauki mwaka mzima. Alipenda kujua kila doa limetoka wapi na litaondokaje. Siku moja mashine kubwa iligoma, akaitwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa wa majokofu, lakini alijisifu kwamba chenye mota hakimshindi. Maswali alisimama mgongoni kwake akiuliza hiki ni nini, kile kinafanya nini, kwa nini huu mkanda unalegea. Fundi alimaliza kazi mchana ule ule. Kesho yake akarudi "kukagua," na keshokutwa akarudi tena. Mashine ilikuwa nzima kabisa, aliyeharibika alikuwa fundi.

Wakaoana, akaingia nyumbani kwa mama mkwe wake.

Ilikuwa nyumba ya zamani, ya vyumba vinavyofuatana, sebule imejaa majokofu ya watu yaliyofunguliwa matumbo. Jikoni kulikuwa na misumari ukutani, kila msumari na kikombe chake. Jioni ya kwanza mama mkwe alichukua nyundo, akapigilia msumari mpya, akatundika kikombe cha kijani. "Chako hicho," akasema, akaendelea kukoroga chungu. Maswali alikitazama kikombe kile mpaka macho yakamlenga machozi. Maisha yake yote kikombe chake kilikuwa kikikaa ndani ya sanduku, tayari kwa safari.

Kwa hiyo alitaka kumfurahisha yule mama. Na hapo ndipo alipoharibu.

Mume wake alikuwa amefufua mashine ndogo ya kufulia, kuukuu lakini yenye nia njema, akaiweka uani kama zawadi ya harusi. Maswali akazikusanya nguo zote za nyumba, za mama mkwe zikiwemo, akazifua humo. Si ndiyo kazi yake? Yalibaki mablanketi tu, maana hayakuenea. Mama mkwe aliyapeleka mwenyewe kwenye mawe, akarudi nayo polepole, akayatupa kwenye kamba. Yakawa yanadondosha maji kutwa nzima, tone kwa tone, mpaka chini ya kamba pakawa na dimbwi. Maswali alilipita dimbwi lile kila siku akienda na kurudi kazini. Mtu anayeuliza kwa nini paka hufumba macho akinywa maziwa hakuuliza kwa nini mablanketi ya mama mkwe hayakamuki.

Kichochoro nacho kilikuwa na macho. Kikaona mke mpya haji kwenye mawe. Kikasema anaringa. Kikasema mengine pia, na yote yalipitia kwa Redio, mwanamke wa nyumba inayotazamana na yao, ambaye sauti yake ilikuwa haina kitufe cha kuzimia.

"Shoga, njoo basi hata siku moja," Redio alimwambia. "Watu wanasema mkwe wa Mama Fundi ana ngozi ya sukari, anaogopa kuyeyuka."

Akaenda. Alibeba ndoo yake kama wengine, akakaa juu ya jiwe, akatazama kulia na kushoto. Swali likampanda kooni, na yeye swali likishampanda hana breki.

"Jamani, hivi kwa nini tunabeba maji kutoka bombani tuje kuyamwaga kwenye mawe makavu? Hii si sawa na kumshikia samaki mwavuli?"

Wanawake wakaangua kicheko. Redio alicheka mpaka sabuni ikamwingia jicho. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alilikunja blanketi lake jinsi lilivyo, likichuruzika, akalitia kwenye beseni, akaondoka nalo bila kuaga.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Si kwamba nyumba ilikuwa kimya, la. Mama mkwe alizungumza na kila kilichokuwa na masikio. "Wewe paka, kamwambie mke wa mwanangu chakula kipo." "Mwanangu, muulize mkeo kama kesho ana zamu." Na mkewe yupo hapo hapo, wanagusana viwiko. Maswali aliomba radhi mara ya kwanza, akaomba ya pili. Mama akamjibu paka: "Anaomba radhi kwa lipi, hata yeye hajui."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Fundi Friji, kama wanaume wengi waliowekwa kati ya mama na mke, aliona dawa ni kukimbia. Akatafuta vyumba viwili karibu na hospitali. "Mwisho wa mwezi tunahama," alimwambia mkewe chumbani. "Utakuwa unatembea tu kwenda kazini. Mama atapoa, tutakuwa tunamtembelea."

Maswali alipaswa kushukuru. Lakini hakuweza. Alikiona kikombe cha kijani kikirudi sandukuni. Alijiona ameishi ukweni miezi michache tu na tayari amemtoa mtoto kwa mama yake, na akaona kwamba popote atakapokwenda sifa hiyo itamtangulia. Hakutaka kuhama. Lakini angebakije katika nyumba ambayo anaongeleshwa kupitia paka?

Akaamua kufanya kitu pekee alichokiweza tangu utoto. Kama haiwezekani kuomba radhi kwa jambo usilolielewa, basi alielewe.

Alianza kwa kuuliza watu, akavuna alichovuna. Mmoja alisema mawe yale yanatoa madoa. Mwingine alisema povu likimwagwa uani huharibu msingi wa nyumba. Redio, bila haya, alisema, "Mimi huenda kwa sababu ya habari. Nikifulia nyumbani nitajuaje nani kagombana na nani?" Mzee muuza mkaa alimwambia kuuliza si ujinga, lakini kuuliza sana ni ugonjwa.

Basi akayauliza mawe yenyewe. Siku ya mapumziko yake, watu wakiwa makazini, alikwenda akapiga magoti. Akaona kila jiwe lina bonde dogo katikati, laini, na bonde lile limeelekea upande mmoja, upande wa kichochoro. Yaani waliofulia hapo tangu zamani walikaa upande wa ukuta wakatazama njia, wakiinamia kitu kilichokuwa mbele yao. Akamwaga ndoo nzima. Mvua ikinyesha, kichochoro kile kilikuwa na madimbwi kila pembe, maji yanalala hapo mpaka yaote kijani, ila hapa maji yaliingia kati ya mawe yakapotea kama yameitwa. Akatia kiganja kwenye ufa. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi.

Akasimama akakitazama kichochoro upya. Kwa nini kinapinda? Hapakuwa na mti, hapakuwa na jiwe la kukwepa. Hakuna mtu anayejenga nyumba zake kwa kupindapinda namna ile isipokuwa anafuata kitu kinachopinda. Halafu akakumbuka jambo ambalo masikio yake yalikuwa yamelizoea. Upande wa pili wa njia, kwa akina Redio, watu walikuita ng'ambo. "Nenda ng'ambo ukaniombee kiberiti." Ng'ambo ya maji gani, na njia yenyewe unaivuka kwa kuruka!

 Lakini kudhani si kujua. Akaenda dukani akanunua buluu ya kufulia, ile ya unga wanayotilia nguo nyeupe. Alinunua nyingi mpaka muuza duka akamuuliza kama hospitali nzima inafua siku moja. Siku ya kufua ilipofika alikwenda kwenye mawe asubuhi, mbele ya wote. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe lake la mwisho, mgongo umegeuzwa.

"Redio, nisaidie," akasema Maswali. Wakaikoroga buluu kwenye ndoo, ndoo baada ya ndoo, wakaimimina kwenye ufa. Wanawake wakaacha kufua. Maji ya rangi nzito yakaingia chini, yasirudi.

"Sasa?" akauliza Redio.

"Sasa tunaifuata."

"Tunaifuata wapi? Imeshaingia ardhini!"

"Maji hufuata mkondo. Nasi tutafuata mteremko."

Alikuwa ameshapiga hatua aliposikia sauti nyuma yake, sauti ambayo haikupitia kwa paka.

"Unakwenda wapi?"

Aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Kuutafuta mto, mama."

"Mto gani?"

"Huu tulioukalia."

Mama mkwe aliyatazama mawe. Akajifuta mikono kwenye kanga. "Niliolewa hapa mawe haya yapo na maji hayapo," akasema. "Nilipouliza niliambiwa mke mwema hulala na swali lake. Nimelala nalo mpaka mvi. Twende."

Wakashuka watu watatu: Maswali mbele, mama mkwe nyuma yake, na Redio akitangaza safari kwa kila aliyekutana naye. Kichochoro kilipinda, nao wakapinda. Nyuma ya gereji wakakuta mfuniko wa chuma chini. Redio akalala kifudifudi, akabandika sikio, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanyamaza kwa hiari.

"Kuna kitu kinapita," akanong'ona. "Wallahi kinapita."

"Hebu toka," akasema mama mkwe, akainama kwa shida, akasikiliza naye. Akainua uso. Maswali hakuwahi kuuona uso ule ukiwa hivyo. Kwa kitambo kidogo yule mama alikuwa bibi harusi aliyeambiwa anyamaze, na sasa anajibiwa.

"Unaongea," akasema. "Mto unaongea chini ya watu."

Wakaendelea. Wakapita kwenye mtaa wa mafundi viatu, wakapita kando ya ukuta mrefu wenye nyasi mbichi chini yake ilhali kwingine kote nyasi zilikuwa zimekauka. Mama mkwe ndiye aliyeziona kwanza nyasi zile, na kila zilipojitokeza tena alizionyesha kwa kidole: "Kule! Na kule tena!" Redio akawa anamtania kwamba angefaa kazi ya upelelezi. Njia yote hakuna aliyetaja habari ya kuhama wala ya paka.

Chini kabisa, mteremko ulipoishia, walisikia kelele kabla hawajaona watu. Palikuwa na uwanja mpana. Kwenye ukingo wake maji yalitoka chini ya karavati la zamani, kidaraja cha zege, yakatuama kwenye kidimbwi cha mawe. Na kidimbwi kile kilikuwa buluu, buluu tupu, kama anga imeanguka ndani. Pembeni alisimama muosha magari aliyeitwa Povu, matambara yake meupe yamekuwa ya buluu kama sare ya shule, na mbele yake gari jeupe la mteja lenye michirizi ya samawati kuanzia paa mpaka magurudumu.

"Nani huyo!" alikuwa akifoka. "Nani kanitilia wino kwenye maji yangu? Huyu bwana akirudi nitamwambia nini? Kwamba gari lake limevaa sare ya shule?"

Redio alijificha nyuma ya mama mkwe. Maswali akajitokeza.

"Ni mimi, kaka. Nisamehe. Lakini hiyo si wino, ni buluu ya kufulia, kwenye bati haishiki. Isuuze kwa maji safi kabla haijakauka, itatoka yote."

"Maji safi yatoke wapi na wewe umeshayapaka rangi?"

"Subiri yapite," akasema mama mkwe. "Maji yanayokuja nyuma ni safi. Si yanatoka kwetu?"

Wakasubiri. Kidogo kidogo rangi ikapauka. Maswali akachukua tambara, mama mkwe akachukua jingine, wakalisuuza gari la mtu wasiyemjua, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakikutana kwenye kioo cha mbele. Povu alisimama kando akiwa bado amenuna, halafu kununa kukamshinda.

Walipomaliza, Maswali akatazama huku na huku. Kuzunguka maji yale walikuwa watu wengi. Waosha magari hapa, mama muuza miche na vikopo vyake kule, wafyatua tofali wakikanda udongo, na mwanamke mwenye meza ya chai aliyekuwa akiwauzia wote. Hakuna aliyewapanga. Alimkumbuka mpishi na mafiga yake, akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" akauliza Povu.

"Nani aliwaleta hapa nyote?"

"Nani atulete? Mimi nilifuata maji. Wa miche naye alifuata maji. Wa chai alitufuata sisi, watu wenye kiu ya chai."

"Sasa mbona hamjajenga hapa? Pako wazi, pako tambarare."

Povu akamwonyesha mstari wa tope uliokauka kwenye nguzo ya karavati, juu kuliko kichwa chake. "Masika maji yanafika pale. Na siku ambazo hayafiki, mbu wanafika. Hapa ni pa kazi, dada. Mtu hulala juu."

Maswali akageuka kuutazama mteremko waliotoka. Kutoka hapa chini aliweza kuona vizuri: kichochoro chao kilikuwa kule juu, pale mlima unapotulia kidogo kabla ya kuporomoka. Huko mto ulipunguza mbio, ukapinda, ukakutana na mawe mapana yasiyomomonyoka. Palikuwa na maji ya kuchota bila kuteremka bondeni, na mahali pa kulala bila kuamshwa na mafuriko. Mtu wa kwanza aliyefika pale, pengine naye akiwa na sufuria kichwani, aliona mawe yale, akakaa kupumzika. Wengine wakaja nyuma yake, wakajenga kufuata ukingo. Kisha siku moja mabomba yakaja, mto ukafunikwa ili watu wapate njia, na waliokuwa wakifulia pale wakaendelea kufulia pale.

Alimweleza mama mkwe hayo yote wakipanda kurudi, kwa furaha, maneno yakikanyagana. Redio alikuwa ametangulia mbele ili habari isichelewe. Mama mkwe alisikiliza, akihema, ameshika mkono wa mkwewe kwa sababu ya mwinuko.

"Umefaulu, mwanangu," alisema mwishoni. "Sasa tunajua kwa nini wao walikwenda pale. Walifuata maji." Akasimama kuvuta pumzi. "Lakini umeniuliza kwa nini mimi naenda?"

Maswali akasimama naye, akageuka kumtazama.

"Umeuliza mawe, umemuuliza muuza mkaa, umemuuliza hata muosha magari. Mimi tunakula chungu kimoja, hukuniuliza."

"Mama, si ulikuwa hunisemeshi..."

"Kabla ya hapo je?"

 Walifika kwenye mpindo. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kufua wakaondoka, na juu ya jiwe la mwisho lilibaki beseni la mama mkwe na blanketi lake, zito kwa maji, kama alivyoliacha.

"Blanketi halikamuliwi na mtu mmoja," akasema mama mkwe. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nilipoolewa, mama mkwe wangu ndiye aliyeshika upande wa pili. Maneno mengi hatukuwa nayo, lakini hapa tulikuja pamoja, yeye huku, mimi huku. Alipokufa, wifi yangu akashika. Wifi akaolewa mbali. Nikasema basi, mwanangu ataoa." Akaliangalia beseni. "Ukaja. Kabla sijakwambia njoo, nikaona mashine. Nikasema huyu hahitaji mtu wa upande wa pili. Halafu ukasimama hapa, mbele ya watu, ukasema ni ujinga."

Maswali aliliona dimbwi la uani. Aliyaona mablanketi yakidondosha maji kutwa nzima, na yeye akiyapita na mkoba wake wa kazini, mtaalamu wa kufua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu yakaja machozi, akayaacha yatoke.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nipe upande."

"Usinililie, blanketi limelowa vya kutosha."

Wakalitoa kwenye beseni. Mama mkwe akashika ncha zake, Maswali zake, wakarudi nyuma mpaka blanketi likakazwa kati yao juu ya mawe. Maswali akaanza kuzungusha, blanketi lote likazunguka bila kutoa hata tone.

"Huko siko," akasema mama mkwe. "Sote tunazungusha kulia. Wewe kulia kwako, mimi kulia kwangu."

"Kwa nini tukienda upande mmoja linakamuka na..." Akaangalia mikono yao inayotazamana. "Aa. Kwa sababu tumeelekeana."

"Ehe. Ungekuwa umekaa upande wangu usingeweza."

Wakalisokota. Blanketi likanyooka, likawa gumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, maji yakamwagika kwa kishindo juu ya mawe. Mama mkwe akacheka kwa nguvu alizokuwa amezisahau. "Kaza, mwanangu! Kaza! Mwaka huu hili blanketi litakauka!"

Ndivyo Fundi Friji alivyowakuta. Alikuja mbio kutoka kona ya gereji, jasho linamtoka, maana Redio alikuwa amemwambia mkewe na mama yake wamepotea chini ya ardhi. Mkononi alikuwa na funguo za vile vyumba viwili, alikuwa amezichukua siku hiyo hiyo. Alisimama akawatazama, mke huku, mama kule, na blanketi katikati.

"Mke wangu," akasema taratibu, "mwenye nyumba anauliza tunahamia lini."

Maswali hakuachia ncha zake. Alimtazama mama mkwe, na mama mkwe akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake swali halikutoka mdomoni mwake. Lilitoka upande wa pili.

"Mwanangu," akauliza mama mkwe, "mtakwenda?"

"Mama," akasema Maswali, "upande huu atashika nani?"

Akamgeukia mumewe, akamwambia arudishe funguo, na akitoka huko apitie nyumbani alete mablanketi mengine yote. Kisha akazungusha kulia kwake. Maji yaliyobaki yakatoka, yakaingia kati ya mawe, yakateremka kwa Povu.